Ililala Wapi Kompyuta ya Enoki

Wewe utakayesoma, nivumilie. Mkono wangu umezoea bisibisi kuliko kalamu, na herufi zangu hulala upande kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe. Nilisoma hadi darasa la saba tu. Maneno mengine nayaandika jinsi ninavyoyasikia, kwa hiyo ukikuta kosa, ni langu mimi Odeta, si la mwalimu aliyenifundisha. Ukurasa huu nimeuanza mara nne. Kila mara naandika mistari mitatu, nainuka, naenda mlangoni kuangalia barabara ya Base Camp hapa kambini kama kuna mteja, narudi, naona nilichoandika hakifanani na nilichotaka kusema. Leo nimeapa kutoinuka mpaka nimalize, ingawa tayari nimeshainuka mara moja kuzima jiko.

Wiki tatu zilizopita tulimzika Mama Enoki hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi. Enoki mwenyewe alikuja kutoka upande wa Endiinzi, ambako anatibu ng'ombe wa watu, na baada ya maziko tulikaa kwenye mikeka nje ya nyumba, watu wakila maharage na ugali kwa sauti ndogo. Nilikuwa sijamwona karibu miaka miwili. Akauliza, kama mtu anayetafuta neno lolote la kumsahaulisha kaburi: "Odeta, ule mwaka wa Mbarara, ordinatere yangu ilikuwa na nini kabisa?" Alimaanisha kompyuta yake. Nikamjibu, "Vumbi." Ni jibu lile lile nililompa miaka saba iliyopita. Akatabasamu kidogo. "Vumbi gani inaua mashine wiki nzima?" Nikainuka kwenda kumimina chai, na chai haikuwa imeisha kwenye kikombe cha mtu yeyote. Tangu siku hiyo sikai. Nikifungua simu ya mteja, namwona Mama Enoki. Nikilala, miguu inatembea. Kwa hiyo naandika.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kambini kwenda Mbarara kufanya kazi katika duka la kutengeneza simu na kompyuta. Mwenye duka tulimwita Bosi Byaruhanga. Alikuwa Mnyankore mnene mwenye macho yaliyochoka kwa kuangalia vitu vidogo, na Kiswahili chake alikipata jeshini, akakitumia kama nyundo. Duka lilikuwa na upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mbele kulikuwa na meza ya kioo yenye chaja na makava, nyuma kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia kulikuwa na meza yangu, taa yangu, mswaki wangu wa kusafishia bodi na chupa ya spiriti. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa wa mbao nyembamba, na ng'ambo yake walikaa mafundi cherehani wawili, wanawake, ambao waliamini kwamba mtu asiyesema pia hasikii. Siku yangu ya tatu nilimsikia mmoja akiuliza, "Ule musichana wa simu, iko na ulimi kweli?" Mwenzake akajibu, "Iko nao, lakini chaji imeisha." Wakacheka mpaka cherehani zikasimama.

Hawakusema uongo. Nilikuwa na haya kiasi kwamba mteja akiniangalia usoni maneno yote yalikimbilia tumboni. Bosi aliniita Sista, kwa sababu mimi ni Mkatoliki na kwa sababu nilinyamaza kama mtawa aliye katika mafungo. Ili kazi iende, nilikuwa na daftari dogo ambamo niliandika maswali yangu kwa wateja, polepole, herufi moja baada ya nyingine, kisha nachana karatasi na kumpa mtu: Ilianguka? Iliingia maji? Wengine walidhani mimi ni bubu. Mama mmoja mlokole aliniwekea mkono kichwani akaniombea ulimi ufunguke. Niliona aibu kumwambia kwamba umeshafunguka siku nyingi, nikasema "Amina" kwa sauti ndogo, naye akaruka kwa furaha na kumkumbatia Bosi. Ninayaandika haya nikicheka, lakini wakati ule hayakunichekesha. Nilikuwa mtu wa kutotulia. Mdomo wangu ulinyamaza, lakini magoti yalipiga meza kutoka chini siku nzima, na Bosi alikuwa akipiga kelele kutoka mbele, "Sista! Hiyo tetemeko ya nchi, simamisha!" Mchana tulikula kikomando, chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharage, na mimi nilikula nikiwa nimesimama.

Enoki alikuja Jumatatu asubuhi. Nilimjua tangu Kabazana, kijiji kimoja cha hapa kambini Nakivale, kwa sababu njia yetu ya kwenda kuteka maji ilipita mlangoni kwao. Wao walikuwa Wakongomani wa Kivu ya Kusini, wafugaji na Waprotestanti, sisi Warundi wakulima, lakini mama yake hakuwahi kuniacha nipite na dumu kichwani bila kunipa kikombe cha maziwa. Wakati huo Enoki alikuwa akisomea utabibu wa mifugo katika chuo kimoja cha hapo Mbarara, mwaka wa mwisho. Aliingia dukani na laptopu iliyofungwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Aliifungua juu ya meza ya kioo, akabonyeza kitufe. Taa ya bluu iliwaka. Feni ikaanza kuvuma. Kitaa kidogo cha kitufe cha herufi kubwa kikapepesa, kikatulia, kikapepesa tena. Skrini ikabaki nyeusi kama sufuria.

Bosi alichungulia mara moja, akachomoa kijiti cha kumbukumbu ambacho mafundi tunakiita ramu, akaweka kingine cha dukani, akabonyeza tena. Giza lile lile. "Kijana, hii iko nawaka lakini haiendi popote. Kama gari kwa matope. Bodi imekufa. Kwisha."

"Bosi, rapore yangu yote iko mule ndani," Enoki alisema. "Mazoezi yote ya Bwizibwera, kule banapokusanya maziwa ya ng'ombe. Miezi mitatu. Chuo banaitaka Ijumaa mbele ya saa kumi na moja."

"Kwa nini hukuweka kwa flashi?"

"Niliweka. Nilifua suruali nayo."

Nyuma ya ukuta wa mbao nilisikia mtu akizuia kicheko. Enoki hakucheka. Alisema, kwa sauti ya mtu anayejisomea hukumu, kwamba asipopeleka ripoti Ijumaa atarudia mwaka, na mtu anayemlipia alishamwambia kwamba mwaka mmoja hataulipia mara mbili. Basi angerudi Kabazana kulima mahindi kwenye mawe, na miaka miwili ya chuo ingebaki hadithi. Alianza kuifunga laptopu kwenye kitenge, akikunja ncha moja moja kwa uangalifu ambao haukuwa na maana tena. Nilikuwa nimesimama penye pazia. Nikasema, "Niachie."

Sauti ilitoka kabla sijaiandika kwenye daftari. Bosi aligeuka. Cherehani za jirani zikasimama. "Sista amesema!" Bosi alipiga kofi moja. "Kale, sawa, mwachie. Kama amesema, pengine hata hii itafufuka."

Jumanne nilifanya yote niliyoyajua. Nilitoa betri, nikabana kitufe cha kuwashia nikihesabu hadi sitini ili umeme uliobaki ndani utoke, nikawasha kwa chaja peke yake. Giza. Niliunganisha skrini nyingine kwa waya, maana huenda ni macho tu yaliyokufa na kichwa kizima. Giza. Nilibadilisha ramu mara tatu, upande huu, upande ule. Kisha nikafikiri: kama mwili umekufa, niokoe kilicho ndani. Nikachomoa diski, nikaiweka kwenye kompyuta ya dukani, na moyo ukaruka kwa sababu diski ilikuwa nzima, inazunguka, inasikika. Lakini haikufunguka. Ilidai ufunguo wa tarakimu nyingi mno. Laptopu ile Enoki alipewa ikiwa imeshatumika, na waliokuwa nayo kwanza walikuwa wameifunga. Ndani ya mashine yake diski ilijifungua yenyewe kila asubuhi, kwa hiyo hakuwahi hata kujua kwamba ina kufuli. Nje ya mashine yake ilikataa kila mtu. Nilikaa nikiitazama. Ripoti ilikuwa humo, nzima, umbali wa upana wa kidole, na hakuna mlango ila kuifufua mashine ile ile.

Leo nikikumbuka Jumanne ile najikasirikia. Fundi mzuri angeuliza swali moja tu Jumatatu, Enoki akiwa bado amesimama pale. Mimi nilijua swali lenyewe. Lilikuwa kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, lakini Enoki alikuwa kijana wa nyumbani anayenijua, na kumpa karatasi mtu anayejua kwamba sauti ninayo kulikuwa ni kumtangazia kwamba nimeshindwa kuitumia. Kwa hiyo nilichagua kuhangaika. Watu wenye haya wanapoteza muda mwingi hivyo, na hakuna anayewaona wakiupoteza.

Jumatano niliiacha mashine imefunguliwa tumbo, umeme ukiwa ndani, feni ikivuma, nikaenda kutengeneza simu ya mtu. Baada ya nusu saa harufu ilinifikia. Haikuwa ya waya unaoungua, hiyo naijua hata usingizini. Ilikuwa harufu tamu, ya majani na ya kitu cha mafuta, na ilinipeleka mahali ambapo sikuweza kupataja. Niliinama juu ya bodi mpaka pua ikagusa. Ndipo nilipoona, chini ya taa, kwamba bodi ilikuwa na mng'ao wa kahawia, mwembamba sana, kama vanishi. Nilisugua meno ya dhahabu ya ramu kwa raba ya shule, na raba ikawa nyeusi na kunata. Nilisugua kwa spiriti ndani ya nafasi ambamo ramu inaingia, lakini uchafu ulihama tu kutoka jino hadi jino. Sasa nilielewa kwa nini hata ramu nzima za dukani hazikusaidia: uchafu ulikuwa mdomoni, si kwenye chakula. Lakini uchafu gani? Vumbi la Nakivale nalijua, ni jekundu na linapulizika.

Enoki alikuwa nje kwenye ngazi na sahani ya kikomando ambayo alikuwa hajaigusa. Nilimpa karatasi. Alisoma kwa sauti, "Ililala wapi?" Akainua macho. "Nani?"

"Mashine," nilisema.

"Nyumbani. Kwa mama. Nilikuwa Endiinzi na ng'ombe wiki tatu, sikutaka kuibeba kwa mavumbi. Aliitunza kuliko mie."

Alimpigia simu. Mama yake hakuwa na simu yake, ilikuwa ya jirani, na jirani huyo aliweka sauti kubwa kama kawaida ya watu wa kule, ili habari isipite bila kusikiwa na wote. Tulisikia kuku, tukasikia watu watano wakisalimu. Enoki akauliza mashine ililala wapi. Kisha sauti ya Mama Enoki, mbali: "Mi sijue. Niliweka vizuri. Iko na shida?" Enoki akasema hapana, hakuna shida, mama. Akakata. Nilijua sauti ile. Ni sauti yangu mimi, ya mtu ambaye jibu limekimbilia tumboni.

Alhamisi asubuhi nilimwambia Bosi kwamba naenda Nakivale. Aliniangalia kana kwamba nimemwambia naenda Roma. "Sista, mashine ni mgonjwa hapa, wewe nataka kwenda kuuliza wazazi wake?" Ng'ambo ya ukuta mmoja akasema, "Mwache, pengine iko nataka mahari." Walicheka mpaka nilipofika kona ya barabara, lakini Bosi alinipa siku hiyo. Enoki sikumwambia. Alikuwa amekwenda chuoni kuomba waongeze siku, na jibu alilopewa lilikuwa lile lile: Ijumaa, kabla ya saa kumi na moja.

Nilifika Kabazana saa sita, jua likiwa kichwani. Nyumba ya Mama Enoki ilikuwa ya udongo yenye chumba kimoja cha kukaa, sakafu iliyokandikwa vizuri, kiti kimoja cha plastiki na mikeka. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kilemba safi kila siku hata kama hakuna anayekuja. "Odeta! Mutoto wangu, ingia. Ukae fasi hii. Huko muji banakupatia chakula? Angalia shingo." Aliuliza habari za mama yangu, za dada zangu, za njia. Hakuuliza habari za kompyuta. Aliniletea maziwa kwenye kikombe cha bati, na nilipokiinua mdomoni nikasimamisha mkono. Harufu ile. Tamu, ya majani, ya mafuta. Ilikuwa humo kwenye kikombe.

Niliangalia kule alikotoka na maziwa. Kwenye kona ya chumba, juu ya kichanja kilichosuguliwa mpaka kinang'aa, vilisimama vibuyu vyake vya maziwa, vinne, kila kimoja na kifuniko chake cha kusukwa. Chini yake kulikuwa na kijungu cha udongo chenye majivu ya nyasi. Kati ya kibuyu cha pili na cha tatu kulikuwa na nafasi tupu, na kwenye nafasi hiyo kilikuwa kimetandikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kilichokunjwa kwa kipimo cha laptopu kabisa.

Nilikunywa maziwa yote ili nisiseme. Nikaweka kikombe chini. Sikuwa na daftari, nililiacha Mbarara, na leo nadhani nililiacha makusudi. "Mama," nilisema, "ililala pale?"

Alikusanya mikono mapajani. Nje mtoto wa jirani alikuwa akiita mbuzi. "Ililala pale," alisema. "Enoki aliniambia, mama, hii ndiyo maisha yangu, uchunge. Mi naona mende inapita pale kwenye ukuta. Naona mchwa. Chombo ikilala bila moshi, wadudu wanaingia. Mama yangu alinionyesha vile, na mama yake. Basi nilifanya."

"Ulifanya vipi, mama?"

"Niliwasha nyasi kwa kijungu. Nikaifungua ile kitu kama Biblia, nikaiinamisha juu ya moshi. Pole pole, mpaka ikanywa. Ina matundu huku chini, nikajua ni pale inanywea. Kila juma mara moja. Kisha nikaipanguza na kitambaa ya siagi, ile ya vibuyu." Aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Odeta. Nimeua masomo ya mutoto wangu?"

Sijawahi kuulizwa swali zito kuliko lile, hata wakati wa mahojiano ya ukimbizi. Nilitaka kukimbilia mlangoni. Nikasema, "Bado." Kisha nikasema maneno mengi kuliko niliyokuwa nimesema mwezi mzima. Nilimweleza juu ya meno ya dhahabu, kwamba ni lazima yagusane chuma kwa chuma, na kwamba moshi wake umeyavika nguo. Nilimwambia nimesugua kwa spiriti na haitoki. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza habari za ng'ombe mgonjwa, na nilipomaliza uso wake ulikuwa umebadilika. Hofu ilikuwa imekaa pembeni kidogo, na kazi imeingia.

"Unasugua ikiwa baridi?"

"Ndiyo."

"Haiwezi kutoka. Mi nikitaka kuvua kibuyu moshi wa zamani, napasha kwanza. Si moto ya kuchoma, hapana. Moto ya mukono. Ikilainika, ndiyo unapanguza, upesi, mbele haijapoa. Na kitambaa unageuza kila mara, usirudishe uchafu." Alishika kikombe changu akanionyesha, kidole kikizunguka ndani. "Vile. Siku zote upande moja, haurudi nyuma."

Aliniwekea ugali na sombe, yale majani ya muhogo, akasimama akiniangalia nikila. Halafu akauliza, "Ameandika nini mule ndani, kitu ya miezi mitatu?"

"Ameandika habari ya maziwa, mama. Jinsi ya kuyatunza yasiharibike."

"Maziwa?" Aliangalia vibuyu vyake, kisha akaniangalia mimi. "Angeniuliza."

Mlangoni alinishika mkono. "Usimwambie. Atanionea huruma, na huruma ya mutoto ni nzito." Nikaahidi.

Ijumaa saa moja asubuhi nilikuwa dukani kabla ya Bosi kuondoa kufuli la pili. Enoki alikuwa tayari kwenye ngazi, shati la chuo limepigwa pasi, kana kwamba ripoti iko mkononi. Nilichukua kipulizia hewa ya moto, nikakiweka chini kabisa, nikajaribu kwanza kwenye kiganja changu mpaka kikawa moto wa mkono. Nikapasha bodi. Harufu ya nyumba ya Mama Enoki ikajaa nyuma ya pazia. Mng'ao wa kahawia ulilegea, ukawa kama jasho. Nikapitisha pamba yenye spiriti, mara moja, kwenda mbele tu, nikageuza, nikapitisha tena, kisha mswaki kwenye ule mdomo mwembamba, jino kwa jino. Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi, ya tano kahawia, ya tisa rangi ya chai ya maziwa. Ya kumi na mbili ilitoka nyeupe. Nilisubiri ikauke. Magoti yalipiga meza na Bosi hakusema kitu, kwa sababu alikuwa amesimama nyuma yangu, na nyuma yake Enoki, na ng'ambo ya ukuta hakuna cherehani iliyokuwa ikienda.

Nilirudisha diski. Nikaingiza ramu mpaka ikalia ti. Nikabonyeza. Taa ya bluu. Feni. Kitaa kikapepesa mara moja, nami nikafumba macho. Nilipoyafungua skrini ilikuwa na mwanga. Enoki hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, pale pale, kati ya maboksi ya chaja, na shati lake la pasi, akaweka uso kwenye magoti. Fundi cherehani mmoja alipiga ukuta akauliza, "Imekufa ama imefufuka?" Bosi akajibu, "Amina!" Baadaye wote walianza kusema pamoja, Enoki akiomba flashi, safari hii flashi tatu, Bosi akimwambia avue suruali kabisa kwa usalama.

Alipokwisha kutoka mbio kwenda kuchapisha, Bosi aliokota pamba moja nyeusi mezani. "Sista, ilikuwa nini?"

"Vumbi."

Alileta pamba puani. Nimesema alikuwa Mnyankore, na kwao pia, kabla ya duka na kabla ya jeshi, kulikuwa na ng'ombe. Alinusa, akasimama, akanusa tena kwa macho yaliyofungwa, na yale macho yaliyochoka yalipofunguka yalikuwa ya mtu mwingine. Nilidhani atapiga kelele, ataita jirani, atacheka mpaka jioni. Aliikunja ile pamba kwenye kipande cha karatasi akaiweka mfuko wa shati. "Ndiyo," alisema polepole. "Vumbi. Mama yangu pia alikuwa nayo, vumbi kama hii." Hakulizungumza tena, na tangu siku hiyo hakuniita Sista.

Enoki alipeleka ripoti saa tisa, na aliporudi kuuliza mashine ilikuwa na nini, nilimpa jibu lile lile: vumbi. Mengine mnaweza kuyajua wenyewe, maana leo anatibu ng'ombe. Mimi nilirudi Nakivale baada ya mwaka mwingine na kufungua meza yangu hapa Base Camp. Sitoi tena karatasi. Mteja akiweka kitu mezani namwangalia usoni na kuuliza, kabla ya bei, kabla hata ya kukigusa: Ililala wapi? Ninaogopa kila mara, na kila mara nauliza. Watu wameniambia mambo ya ajabu. Ililala ndani ya unga. Ililala chini ya mtoto. Ililala kwa mwanamke mwingine.

Mama Enoki nilimtembelea mara nyingi, na tulipokuwa wawili tu alikuwa akiniuliza kwa kunong'ona, "Vumbi inaendelea je?" na tulicheka kama wasichana. Mara ya mwisho, akiwa hawezi tena kuinuka, alinishika mkono pale pale alipoushika zamani. "Nikienda, umwambie. Lakini umwambie vizuri, acheke." Nikaahidi. Kwenye mkeka ule baada ya maziko nafasi ilikuja yenyewe, ikaniuliza yenyewe, nami nikarudia uongo na kukimbilia birika.

Ndiyo sababu nimeandika, na sijainuka tena tangu jiko. Ninyi mliofika hapa na macho yenu bado yanaona, niandikieni. Nataka kujua mlichotunziwa na mama zenu mpaka kikaharibika, na kama mliwaambia. Andikeni kwa mwandiko wowote, wangu umeshawapa ruhusa. Nawe Enoki, mama yako aliinywesha moshi kama kibuyu chake kizuri kuliko vyote, kwa sababu ulimwambia ni maisha yako. Ukimaliza kucheka, niandikie mistari miwili tu. Usinipigie simu, maana nitasema vumbi tena.